Mwanamke wa Wajir aliyetufunza kumaliza dozi ya TB

Mkazi wa Shella, Malindi, hahitaji kuambiwa Mwitaliano ni nani. Tangu miaka ya 1960, Italia ilipojenga kituo cha kurushia setilaiti huko Ngomeni, kaskazini mwa mji, Waitaliano wamekuwa wakimiminika Malindi. Wengine walikuja kuota jua wakarudi kwao. Wengine walijenga hoteli na majumba, wakabaki. Vijana wengi wa mtaa huo mkongwe wamejifunza Kiitaliano ufuoni bila ya kukanyaga darasa.

Lakini yuko Mwitaliano mmoja, mwanamke, aliyefika Kenya katika miaka hiyo hiyo na ambaye hakuitafuta bahari. Aliipa kisogo akaenda Wajir, katika nchi kavu iliyo mbali na kila kitu. Jina lake ni Annalena Tonelli. Hakuwa daktari. Uuguzi pia hakuusomea ujanani mwake, kwani masomo yake ya chuo kikuu yalikuwa ya sheria. Hata hivyo, kazi aliyoifanya huko ndiyo uuguzi wenyewe, na matunda yake yanamfikia kila mtu anayetibiwa kifua kikuu, yaani TB, leo hii Malindi, Kilifi, Mombasa au Nairobi.

Katika makala haya, msomaji, tutaeleza mwanamke huyo alifanya nini, kwa nini kilifaulu mahali ambapo wengine walishindwa, na kinakuhusu vipi wewe unayeishi mjini karibu na hospitali.

MPAKA ULIOFUNGWA

Ili kuielewa kazi hiyo ni lazima kwanza uijue Wajir ya wakati huo. Waingereza waliliita eneo lote la kaskazini Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini. Chini ya sheria ya kikoloni, eneo hilo lilifungwa. Mtu wa nje hakuingia bila kibali, na mwenyeji hakutoka bila kibali. Barabara, shule na hospitali zilijengwa kwingine.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, vita vya shifta vilizuka na vikaendelea hadi 1967. Habari za vita hivyo zinajulikana vyema hata Malindi, kwa sababu familia nyingi za Kibajuni zilihama visiwa na vijiji vya kaskazini mwa Lamu wakati huo, zikakimbilia miji ya pwani iliyokuwa na usalama. Vita vilipokwisha, sheria za hali ya hatari hazikuondoka kaskazini. Zilidumu hadi mwaka 1991.

Wajir ni mji wa visima katikati ya ukame, zaidi ya kilomita 600 kutoka Nairobi. Wengi wa watu wake walikuwa wahamaji waliofuata maji na malisho pamoja na ngamia na mbuzi wao. Mgonjwa wa huko angeweza kusafiri siku kadhaa kabla ya kufika hospitali. Akilazwa, mvua ikinyesha upande mwingine, jamaa zake wanang'oa vibanda na kuondoka na mifugo. Naye hubaki na maswali mawili. Aendelee kulala wodini peke yake, au awafuate watu wake?

Swali hilo ndilo lililokuwa likiwaua wagonjwa wa TB.

MWALIMU ALIYEGEUKA MUUGUZI

Annalena alizaliwa Aprili 2, 1943, katika mji wa Forlì, Italia. Alipokuwa akisomea sheria alitumia miaka sita kuwahudumia maskini wa mji wake mwenyewe. Mwaka 1969, akiwa na umri wa miaka 25, alikuja Kenya. Kazi aliyopata ilikuwa ya ualimu, na ni ualimu huo uliomfikisha Wajir kufundisha katika shule ya sekondari.

Wenyeji walimshangaa. Alikuwa msichana, mweupe, Mkristo kati ya Waislamu, hana mume wala mtoto. Hakuwa mtawa na hakutumwa na shirika lolote. Hakuhubiri dini yake wala hakudai mshahara kwa kuwahudumia wagonjwa. Aliishi kwa vitu vichache mno, na saa zake baada ya darasa zilikwisha hospitalini na katika vibanda vya watu waliokuwa taabani.

Pamoja na wanawake wenzake waliomfuata kutoka Italia, alianzisha kituo cha kuwasaidia walemavu: watoto waliopooza kwa polio, vipofu, viziwi na wengine ambao nyumba zao zilishindwa kuwalea. Watoto kadhaa wa aina hiyo aliwachukua wakakua mikononi mwake.

Ujuzi wa tiba aliupata akiwa kazini. Baadaye alisoma na kupata stashahada za udhibiti wa kifua kikuu nchini Kenya, tiba za nchi za joto na afya ya jamii nchini Uingereza, na udhibiti wa ukoma nchini Uhispania. Lakini alipoanza, alichokuwa nacho ni macho ya kuona mgonjwa anahitaji nini na subira ya kukaa naye.

UGONJWA WA KUFICHWA

Kati ya wagonjwa wote aliowaona, wale wa TB ndio waliomgusa zaidi. Walikuwa wametupwa. Miongoni mwa wahamaji wengi, kifua kikuu kilihesabiwa kuwa laana au adhabu, tena cha kurithiwa. Familia iliyokubali kwamba mmoja wao ana TB ilijua kwamba binti zake hawataposwa na wanawe watanyimwa wake. Kwa hiyo watu walikana. Mgonjwa alikohoa damu huku akiapa kwamba ni mafua tu.

Kabla ya kuwashangaa watu wa Wajir, jiulize mambo yakoje mtaani kwako. Ni mara ngapi umesikia mtu akisema kikohozi chake ni cha vumbi, cha sigara au cha upepo wa kaskazi, ilhali amekohoa mwezi mzima na nguo zinampwaya? Ni wangapi wamesema wamerogwa? Ni wangapi huenda zahanati ya mtaa wa mbali ili jirani wasiwaone kwenye foleni? Aibu ya TB haikuzaliwa jangwani wala haikubaki huko.

DOZI ISIYOKWISHA

Aibu haikuwa taabu pekee. Dawa zenyewe zilikuwa mtihani.

Viini vya kifua kikuu viligunduliwa na Mjerumani Robert Koch, ambaye alitangaza ugunduzi wake Machi 24, 1882. Hata hivyo, dawa ya kwanza ya kuviua, streptomaisini, ilipatikana katika miaka ya 1940. Hadi miaka ya 1970, tiba ya kawaida Afrika Mashariki ilikuwa sindano za streptomaisini mwanzoni, kisha vidonge vya isoniazidi na thiasetazoni kwa muda wa miezi 18 hivi.

Hebu fikiri, msomaji, mwaka mmoja na nusu wa vidonge. Mtu wa mjini mwenye duka la dawa pembeni mwake hushindwa. Je, mchungaji wa ngamia? Baada ya miezi miwili alikuwa haumwi tena. Kikohozi kimekatika, amenenepa, na jamaa zake wako mbali na mifugo. Aliondoka. Miezi kadhaa baadaye ugonjwa ulirudi, na safari hii dawa zile zile zingeweza kugoma.

Hapo ndipo utafiti uliofanyika katika eneo letu ulipoleta tumaini. Mwaka 1970, mabaraza ya utafiti wa tiba ya Afrika Mashariki na Uingereza yalianza kujaribu tiba ya miezi sita kwa wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 1972. Ilionekana kwamba rifampisini au pirazinamidi ikiongezwa kwenye dawa za zamani, miezi sita yatosha. Ulimwengu mzima sasa unatibu TB kwa msingi uliowekwa na wagonjwa hao wa Afrika.

Lakini madaktari walikuwa na wasiwasi. Rifampisini ilikuwa ghali. Ikitumiwa ovyo, viini vingeizoea na silaha bora ingepotea. Wengi walisema ni kazi bure kuwapa wahamaji dawa kama hiyo, kwani watatoroka nayo.

MANYATTA YA TB

Mwaka 1976 Annalena alikabidhiwa mradi wa majaribio wa Shirika la Afya Duniani, WHO, wa kuwatibu wahamaji wenye kifua kikuu. Alilotenda ni jambo ambalo, likisemwa, laonekana jepesi mno. Aliacha kumlazimisha mhamaji aishi kama mtu wa wodini. Alimwambia aje na nyumba yake.

Kibanda cha mhamaji wa Kisomali hujengwa kwa miti iliyopindwa na mikeka, na hubebwa juu ya ngamia. Wagonjwa walivileta vibanda hivyo wakavisimamisha katika uwanja ulio mbele ya kituo cha walemavu. Kikazuka kijiji kizima, ambacho watu walikiita Manyatta ya TB. Mgonjwa alilala kwake na kuendelea na maisha anayoyajua, huku jamaa wakiweza kumtembelea au kukaa naye. Sharti lilikuwa moja. Kila siku atameza dawa zake mbele ya mtu anayemtazama, na hataondoka kabla ya miezi sita kwisha.

Tazama mambo manne yaliyofanyika hapo kwa mpigo mmoja.

Kwanza, dawa hazikuachwa mikononi mwa mgonjwa azikumbuke au azisahau. Palikuwa na mtu wa kumshuhudia akimeza.

Pili, muda ulikuwa na mwisho unaoonekana. Miezi sita ni misimu miwili, na mhamaji huweza kuihesabu kwa mvua.

Tatu, aibu ilipoteza makali. Katika kijiji ambacho kila mtu ana TB, hakuna wa kumcheka mwenzake. Mgeni aliyefika akiwa mifupa mitupu aliwakuta waliomtangulia wakiwa wamenawiri, na hilo lilimshawishi kuliko maneno ya daktari.

Nne, na hili ndilo kubwa, palikuwa na mtu aliyemjua kila mgonjwa kwa jina na aliyejua siku yake ya ngapi. Asipoonekana asubuhi, alitafutwa.

KWA NINI MIEZI SITA?

Wengi huuliza: ikiwa kikohozi kimekwisha baada ya mwezi mmoja au miwili, dawa za miezi minne zaidi ni za nini?

Viini vya TB havifanani na vya magonjwa mengine. Huzaana polepole, na tena si vyote vinavyofanya kazi kwa wakati mmoja. Wakati wowote viko vilivyo macho, vinavyozaana na kukuletea kikohozi, homa na jasho la usiku, na viko vilivyolala ndani ya mapafu. Dawa nyingi huviua kwa urahisi vile vilivyo macho. Vilivyolala huponyoka, kama kaa la moto lililofukiwa chini ya jivu. Ukilitazama jiko utasema limezimika, lakini tia kuni kavu uone.

Ndiyo maana tiba ya kawaida ina sehemu mbili. Kwa miezi miwili ya kwanza mgonjwa humeza dawa nne: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli, ambazo siku hizi huchanganywa katika kidonge kimoja. Hizi hufagia kundi kubwa. Kwa miezi minne inayofuata humeza mbili, rifampisini na isoniazidi, ili kuwasaka waliolala kila wanapoamka.

Na kwa nini dawa nyingi badala ya moja? Kwa sababu katika mamilioni ya viini, vichache huzaliwa vikiwa na kinga dhidi ya dawa hii au ile. Kinachoponyoka dawa ya kwanza huuawa na ya pili. Ukimeza nusu nusu, leo umekula na kesho umeacha, unaviacha hai vile vigumu tu, vizaane. Hivyo ndivyo TB sugu inavyotengenezwa. Mgonjwa aliyeacha dawa huweza kumwambukiza mwanawe TB ambayo tangu siku ya kwanza haisikii dawa za kawaida. Kwa miaka mingi tiba ya TB sugu ilichukua mwaka mmoja na nusu au zaidi, pamoja na sindano zilizowaharibu wengine masikio. Mnamo 2022 WHO ilipendekeza tiba ya vidonge vitupu ya miezi sita kwa wengi wa wagonjwa hao. Hayo ni maendeleo, lakini ni afadhali usifike huko.

KUTOKA WAJIR HADI ULIMWENGUNI

Katika miaka hiyo hiyo ya 1970, daktari Karel Styblo alianza kushirikiana na Tanzania kujenga mpango wa taifa wa TB uliowafuatilia wagonjwa kwa daftari, mmoja mmoja, hadi tamati ya tiba. Mnamo 1993 WHO ilitangaza TB kuwa janga la dharura ulimwenguni, na muda mfupi baadaye ikaeneza mkakati uitwao DOTS. Moyo wa mkakati huo ni dawa za muda mfupi, zinazomezwa huku mgonjwa akitazamwa.

Kwa hiyo, ukienda leo kliniki ya kifua ukaulizwa, "Nani atakuwa anakusimamia nyumbani ukimeza dawa?", usidhani muuguzi anakudharau. Anakuuliza swali lililojibiwa Wajir miaka mingi kabla ya mkakati huo kupewa jina.

WAGALLA

Kazi ya Annalena nchini Kenya haikumalizika kwa heri. Februari 10, 1984, wanajeshi na maafisa wa usalama walianza kuwakusanya wanaume wa jamii ya Degodia kutoka Wajir na viunga vyake, wakawapeleka katika uwanja wa ndege wa Wagalla. Walizuiliwa hapo kwa siku kadhaa juani bila maji wala chakula, na wengi wakauawa. Kwa miaka mingi serikali ilitaja vifo 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya mwaka 2013, ilisema waliokufa walikaribia 1,000.

Annalena na wasaidizi wake waliingia porini kuwatafuta majeruhi na kuwazika waliokufa. Alisaidia pia habari za mauaji hayo kufika nje ya nchi. Kwa wenye mamlaka hilo halikusameheka, na alilazimika kuondoka Kenya. Alikuwa amekaa humu nchini miaka kumi na mitano hivi.

Kwa nini tulitaje jambo hili katika ukurasa wa afya? Kwa sababu muuguzi wa mpakani huona yasiyoonwa na wengine. Hawezi kumwosha mgonjwa jeraha la risasi huku akijifanya hajui limetoka wapi.

BORAMA

Kutoka Kenya alivuka hadi Somalia, akaendelea na kazi ile ile, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka hakukimbia. Mjini Merca alihudumia wagonjwa wa TB na wenye njaa. Daktari Mwitaliano aliyemfuata katika kituo hicho, Graziella Fumagalli, aliuawa Oktoba 1995.

Mwaka 1996 Annalena alifika Borama, magharibi mwa Somaliland, akajenga hospitali ya TB ambayo ilianza na vitanda vichache ikakua hadi kuwahudumia mamia ya wagonjwa. Alianzisha pia shule ya watoto viziwi, akaleta madaktari wa kutibu mtoto wa jicho, na akapiga vita ukeketaji wa wasichana.

Aibu ile aliyoikuta Wajir ilimfuata hadi Borama. Alipoanza kuwahudumia pia wenye ukimwi, baadhi ya watu walisema anauleta ugonjwa mjini, na hospitali yake ikafanyiwa maandamano. Juni 2003 Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi lilimpa tuzo ya Nansen. Miezi michache baadaye, Oktoba 5, 2003, alipigwa risasi katika uwanja wa hospitali yake. Alikuwa na umri wa miaka 60, na 34 kati ya hiyo aliimaliza hasa katika kuwahudumia watu wa pembe hii ya Afrika.

WEWE WA MJINI UFANYE NINI?

Mkazi wa Shella hana umbali wa kulalamikia. Hospitali ya serikali ya Malindi iko mjini humo humo, na vipimo na dawa za TB katika vituo vya umma nchini Kenya hutolewa bure. Lakini nyumba za mtaa mkongwe zimebanana, vichochoro ni vyembamba na vyumba vingine havipati upepo. TB hupitia hewani, mgonjwa anapokohoa, kupiga chafya au kuzungumza ndani ya chumba kilichofungwa. WHO inakadiria kwamba mgonjwa asiyetibiwa huweza kuambukiza watu 5 hadi 15 kwa mwaka. Kwa hiyo shika haya.

Ukikohoa zaidi ya wiki mbili, nenda ukapimwe. Usingoje damu. Ukiwa pia unakonda, una homa za jioni au unatoka jasho usiku hadi shuka inalowa, nenda haraka zaidi. Anayeishi na virusi vya ukimwi asingoje hata wiki mbili. Utaombwa makohozi, na mashine za siku hizi huweza kutoa jibu kwa saa chache na kuonyesha pia kama viini vimeizoea rifampisini.

Usiwatenge wagonjwa kwa vyombo. TB haienei kwa kushikana mikono, kwa sahani, wala kwa kikombe cha kahawa barazani. Fungua madirisha, na mgonjwa azibe mdomo anapokohoa. Akimeza dawa zinazofaa kwa wiki mbili hivi, uwezo wake wa kuambukiza hupungua sana.

Walete watoto. Mtu mzima akipatikana na TB, watoto na wote wanaoishi naye wapimwe. Wasio wagonjwa huweza kupewa dawa za kuzuia. Chanjo ya BCG anayopewa mtoto mchanga humkinga dhidi ya TB kali za utotoni, lakini haimkingi daima.

Yajue madhara ya dawa. Mkojo wa rangi ya machungwa usikutishe, hiyo ni rifampisini. Lakini macho yakiwa manjano, ukitapika mfululizo, ukiona giza machoni au miguu ikichomachoma, rudi kliniki siku hiyo hiyo. Usijikatie dawa mwenyewe.

Mwambie muuguzi dawa nyingine unazotumia. Rifampisini hupunguza nguvu za baadhi ya dawa. Mwanamke anayetumia vidonge au vijiti vya kupanga uzazi huweza kushika mimba bila kutarajia, kwa hiyo aulize njia nyingine. Vivyo hivyo, kijana aliyeacha heroini na anayepokea methadoni katika kliniki ya Malindi ataanza kusikia arosto ikiwa kipimo chake hakitarekebishwa. Wengine hudhani dawa za TB zinawadhuru, wakaziacha, wakarudi pia kwenye unga. Neno moja kwa muuguzi lingewaokoa.

Usiache dawa kwa sababu ya Ramadhani. Vidonge hivi humezwa mara moja kwa siku, na muuguzi atakupangia saa inayofaa, kama vile wakati wa daku. Aliye dhaifu sana, dini yenyewe imempa ruhusa ya kula. Wala hakuna ugomvi kati ya dua na dawa. Soma dua yako, kisha meza kidonge.

Tafuta wa kukusimamia. Awe mke, mume, mama, dada au jirani unayemwamini. Kazi yake si kukuchunga kama mfungwa. Ni kukuletea maji kila siku kwa saa ile ile, kukuona ukimeza, na kutia alama kwenye kadi. Siku utakayosema umechoka, yeye akukumbushe umebakiza siku ngapi.

Na kama wewe mwenyewe ni mzima, huenda kazi hiyo ni yako. Pengine yuko mama wa nyumba ya tatu anayekohoa usiku na ambaye watu wameanza kumkwepa. Kumfikisha kliniki hakuhitaji cheti, wala kukaa naye dakika tano kila asubuhi kwa miezi sita. Annalena Tonelli alipoanza kazi ile Wajir hakuwa nacho. Dawa alizowapa wagonjwa wake leo ziko hospitalini kwenu, tena bure. Anayekosekana katika nyumba nyingi ni yule mtu wa kukaa kando ya mgonjwa hadi kidonge cha mwisho.